Kompyuta nzima zisifungiwe stoo kwa kungojea Windows mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa wasomaji nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalotusumbua sisi tunaokula kwa kompyuta huku mkoani Mara. Najua nafasi ni ndogo na waandikaji ni wengi, lakini jambo lenyewe linagusa fedha za wananchi na masomo ya watoto wetu, kwa hiyo naomba nivumiliwe.

Mimi ni fundi wa kompyuta na mwenye kiduka cha kuchapa hapa Bunda. Nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, mikataba ya mashamba, kadi za harusi na matangazo ya misiba. Mashine za wenzangu zikiugua huletwa kwangu, au nazifuata mwenyewe Musoma na Butiama kwa Hiace, nikiwa na begi la bisibisi na flashi zangu.

Tangu mwaka 2025 swali ninaloulizwa safarini ni moja tu, iwe Nyasho mjini Musoma, iwe katika ofisi ya kijiji njia ya Butiama: "Fundi, Windows mpya inatoka lini?" Nikijibu kwamba Windows 11 ipo tangu Oktoba 2021, naambiwa, "Siyo hiyo. Ile ya 12." Wameisikia kwa vijana, na vijana wameisoma kwenye simu. Watu wanaingojea kama mvua za vuli. Wapo walioacha kutengeneza mashine zao kwa sababu yake, na wapo waliokwisha kuzifungia stoo kabisa.

Mimi nasema kungojea huku ni hasara, na hasara yenyewe tunaibeba sisi tusio na fedha.

Kwa faida ya ndugu zangu wasioshughulika na mashine hizi, nieleze kidogo. Windows siyo kompyuta. Ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza nyingine zote, kama dereva katika basi. Basi linaweza kuwa na injini nzima na viti vizuri, lakini pasipo dereva haliondoki stendi. Windows inatengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kila baada ya miaka kadhaa kampuni hiyo huleta dereva mpya, na muda ukifika humstaafisha wa zamani.

Windows 10 ilitoka Julai 2015 na ikastaafishwa tarehe 14 Oktoba 2025. Sisi wa Mara tarehe hiyo hatuhitaji kukumbushwa. Ndiyo siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na watu huja Mwitongo, Butiama, kuzuru kaburi lake. Mwaka 2025 siku hiyo simu yangu iliita tangu alfajiri. Wateja walidhani mashine zao zitazimika zenyewe ifikapo usiku.

Hazikuzimika. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi. Wezi wa mtandaoni hutafuta matundu katika mfumo, na kampuni huyaziba kila yanapogundulika. Kuanzia siku ile matundu mapya ya Windows 10 hayazibwi bure kwa kila mtu kama zamani. Nyumba iko pale pale, ila mlinzi amestaafu amekwenda kwao.

Asidhani mtu kwamba natisha. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150 kwa muda wa siku chache. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Tundu kilimopitia lilikuwa limekwisha kutolewa kiraka tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, na wale waliokuwa bado wanatumia mifumo iliyokwisha kustaafishwa.

Nami sina mdomo wa kuwacheka. Windows XP ilistaafishwa Aprili 2014, lakini niliendelea kuitumia dukani kwa kuwa ilikuwa nyepesi na nimeizoea. Siku moja mteja alileta flashi yake nimtolee nakala. Jioni nikakuta mafaili yote yamefungwa, hayafunguki hata moja. Ndani yake mlikuwamo andiko la utafiti la binti mmoja wa chuo aliyebakiwa na siku mbili alikabidhi, wala hakuwa na nakala nyingine. Nilikesha nikimchapia upya kutoka kwenye karatasi zake za mkono. Kurasa ambazo hazikuwa na karatasi hazikurudi. Fedha yake nilimrudishia yote, lakini sura yake asubuhi ile bado naiona.

Kwa hiyo simwambii mtu abaki na mfumo wa zamani akijifanya haoni. Ninachosema ni kwamba kungojea mpya nako siyo dawa.

Ugonjwa huu wa kungojea tumeambukizwa na wauzaji. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, watu huko Marekani na Ulaya walipanga foleni usiku wa manane mbele ya maduka ili waipate wa kwanza. Mwaka 2015 mtumishi mmoja wa Microsoft alisema mkutanoni kwamba Windows 10 ndiyo itakuwa ya mwisho, yaani itaendelea kurekebishwa tu bila kubadilishwa jina. Tukapumua. Miaka sita baadaye ikaja ya 11, tena ikaja na masharti.

Masharti yenyewe ni haya. Mashine iwe na kumbukumbu isiyopungua GB 4 na nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64. Iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Na kichakato chake kiwemo katika orodha ya Microsoft. Kwa vichakato vya Intel orodha hiyo kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Sasa zitazame kompyuta zetu. Nyingi zimetufikia zikiwa mitumba, baada ya ofisi za ng'ambo kumaliza nazo, na ninazofungua mezani kwangu ni za kizazi cha 4, cha 5 na cha 6. Zinachapa, zinahesabu, zinaingia mtandaoni. Lakini mbele ya Windows 11 hazina sifa.

Hapo ndipo lilipo kosa la wanaongojea. Mashine iliyokataliwa na ya 11, itakubaliwa kwa hoja gani na ya 12? Kijana aliyekataliwa jeshini mwaka huu kwa kuzidi umri hawezi kungojea mwaka ujao akitumaini kwamba atakuwa amepungua miaka.

Niseme pia kwamba sisi mafundi tunao mlango wa uani. Ipo njia ya kuipachika Windows 11 kwenye mashine isiyotakiwa, nami nimekwisha kuifanya. Lakini Microsoft imetamka kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata marekebisho. Mteja anadhani amenunua mlinzi, kumbe amenunua picha ya mlinzi. Fundi mwaminifu amweleze mteja jambo hilo kabla hajapokea fedha.

Sasa nieleze nilichokutana nacho sehemu mbili.

Musoma, mama mmoja mwenye duka la kuchapa alikuwa tayari kukopa kwenye kikoba chao anunue kompyuta mpya. Aliniambia, "Mwanangu, nimesikia hii imekufa kisheria." Nikamjibu, "Mama, hebu tuipime kwanza kabla hatujaizika." Ilikuwa ya kizazi cha 6. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa diski ya zamani iliyochoka. Nikamwekea diski ya kisasa ya SSD, mashine ikawa inawaka kabla maji ya chai hayajachemka. Kisha nikamwandikisha katika nyongeza iliyotolewa na Microsoft. Wengi hawana habari nayo, kwa hiyo naitaja hapa. Watu binafsi waliruhusiwa kupata marekebisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu akijiandikisha kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwao, halipi kitu. Asiyetaka hivyo hulipa dola 30. Kwa taasisi za elimu, kupitia leseni zao, nyongeza ni ya hadi miaka mitatu kwa dola 1 kila mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu.

Mama yule hakukopa. Ada ya mwanawe ilikuwa inadaiwa wiki ile ile. Deni la mashine asiyoihitaji lingeila ada hiyo.

Sehemu ya pili ni shule moja ya sekondari wilayani Butiama ambayo sitaitaja jina. Niliitwa kutengeneza printa ya ofisi. Nilipopita stoo nikaona vitu vimefunikwa shuka. Kufunua, kompyuta kumi na nne. Nikamwuliza mwalimu wa somo kulikoni.

"Ndugu fundi, tuliambiwa zimepitwa na wakati. Tunangojea mpya."

"Zinatoka wapi hizo mpya, mwalimu?"

"Hapo ndipo hatujaambiwa."

Nikapita darasani. Somo la kompyuta linafundishwa ubaoni. Mwalimu anachora kipanya kwa chaki, anachora kicharazio, wanafunzi wananakili. Binti mmoja alinionyesha daftari lake. Amekichora kicharazio chote, kila kitufe na herufi yake, kwa rula na kwa usafi kuliko hata kilichopo kitabuni. Nikamwuliza kama amewahi kukibonyeza. Akatikisa kichwa.

Ndugu Mhariri, kati ya darasa lile na stoo ile hakuna hata hatua hamsini.

Nikatoa flashi yangu yenye mfumo endeshi uitwao Linux. Uzuri wa huu ni kwamba unaweza kuuonja ukiwa kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashine. Tukaziwasha moja baada ya nyingine. Kati ya kumi na nne, kumi na moja ziliwaka na kufanya kazi. Mbili zilikufa umeme na moja haikuwa na kumbukumbu, nadhani kuna mtu aliyeihitaji mahali pengine.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Haina bei. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza. Katika aina zake ipo moja iitwayo Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina lake ni neno la Kibantu ambalo sisi tunaliita utu.

Nawasihi wanaopenda kungojea watazame kalenda ya Ubuntu. Toleo lake ni kila Aprili na kila Oktoba, na nambari yenyewe ndiyo tarehe. Ubuntu 24.04 maana yake ni mwaka 2024, mwezi wa 4. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutolewa toleo la muda mrefu linalopewa marekebisho ya bure kwa miaka mitano. Mwalimu anaweza kukaa na kalenda ya ukutani akajua toleo analolitumia litastaafu lini, na lijalo litatoka lini. Huko ndiko kungojea kwa mtu mzima, siyo kungojea kwa tetesi za kwenye simu. Kwa mashine dhaifu zaidi zipo aina nyepesi kama Lubuntu na Xubuntu.

Lakini nisiwe kama muuza dawa anayedai dawa yake inaponya kila kitu. Linux ina upungufu kwa kazi zetu. Kadi za harusi nilizozichora kwa Publisher hazifunguki huko, ingawa Publisher nayo Microsoft imetangaza kuistaafisha Oktoba 2026. Barua zilizochapwa kwa Word hufunguliwa na programu ya bure iitwayo LibreOffice, lakini majedwali mengine huparaganyika ikabidi uyanyooshe. Printa nyingine hukubali mara moja, nyingine husumbua mchana kutwa. Dukani kwangu mashine mbili zinatumia Linux na moja nimeiacha na Windows kwa ajili ya kadi. Kwa darasa la watoto wanaojifunza kuchapa, kuhesabu kwa majedwali na kutafuta habari, sijaona walichokikosa.

Siku ile pale shuleni wanafunzi waliingia stoo kwa zamu. Yule binti wa daftari alikaa mbele ya mashine, akaanza kuandika jina lake bila kutafuta herufi. Vidole vilikuwa vinajua njia kutokana na kuchora tu.

Mkuu wa shule alifurahi, lakini akasema mali ya shule haibadilishwi bila kibali. Alisema kweli na mimi namheshimu kwa hilo. Barua ya kuomba kibali ikaandikwa na kupelekwa panapohusika. Hadi naandika haya majibu hayajarudi, na kompyuta zimerudi chini ya shuka.

Wazee watakumbuka kwamba nchi hii ina kisa chake na kompyuta. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipokwenda mrama mikononi mwa mitambo ile, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengine huicheka marufuku ile hadi leo. Mimi naona ilituchelewesha, na sitaki irudi. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa halali: mtambo huu ukitushinda, nani ataurekebisha, na kwa gharama ya nani? Baadaye milango ilifunguliwa tukaingiza mashine nyingi, ila swali lenyewe tulilisahau mpakani.

Wala siyo kweli kwamba hatuwezi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Windows nayo baadaye ikavishwa Kiswahili. Huyu Mwalimu aliyelala Mwitongo alimfasiri Shakespeare, akatupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lugha iliyombeba Shakespeare haiwezi kushindwa kusema "hifadhi" na "futa". Hata hivyo mashine ninazofungua Bunda, Musoma na Butiama karibu zote zinamsemesha mtoto kwa Kiingereza, kwa sababu fundi aliyeiweka hakujua kwamba Kiswahili kimo ndani au hakujisumbua. Nami nilikuwa mmoja wao.

Naomba basi nitoe maombi matatu kwa wahusika.

La kwanza, halmashauri na shule zisifute kompyuta kwenye daftari la mali kwa sababu tu Windows 11 imeikataa. Ipimwe kwanza kwa mfumo wa bure. Ikifanya kazi, kibali kitoke upesi, maana mtoto wa kidato cha nne hana miaka mitatu ya kungojea barua.

La pili, tunapopokea msaada wa kompyuta tusiishie kupiga picha na makofi. Mpokeaji amwulize mfadhili maswali mawili: kichakato ni cha kizazi gani, na mfumo wake utastaafu lini? Zawadi iliyobakiza mwaka mmoja ni mzigo wa mtu mwingine uliohamishiwa stoo yetu.

La tatu, vyuo vyetu vinavyofundisha mafundi viwafundishe mifumo yote miwili, tena kwa Kiswahili pia, ili fundi wa wilayani awe na la kumwambia mteja zaidi ya "nunua mpya."

Na kwa mwananchi wa kawaida, ushauri wangu ni mfupi. Usiuze mashine yako kwa hofu wala usiifungie kwa matumaini. Toa nakala ya kazi zako uziweke mahali pengine leo hii. Mwulize fundi mashine yako ni ya kizazi gani. Kama inakubali Windows 11, iwekewe. Kama haikubali, onja Linux kwenye flashi kabla hujakopa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huu wa 12 hata kupita haujapita mtaani kwetu.

Flashi yangu ipo begini. Siku kibali kikitoka nitapanda Hiace ya kwanza kwenda Butiama, na kazi ya siku hiyo sitaitoza.



Fundi wa Kompyuta,
Bunda, Mara.